Maneno ya Mtoto Mdogo: Tuyasikie kwa Sikio Gani?



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mambo makubwa: sala, kufunga, sadaka, ndoa. Leo naomba ruhusa niandike juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani maneno ya kuchekesha ambayo watoto wetu husema nyumbani. Swali langu ni hili: mtoto mdogo akisema neno, sisi wakubwa tulisikie kwa sikio gani? Na je, ni halali kulitoa nje ya nyumba? Msifikiri nauliza kwa mchezo. Nilijifunza swali hili kwa aibu, na nitawaeleza aibu yenyewe.

1. Kicheko cha nyumbani

Kwanza tucheke kidogo, maana kicheko cha nyumbani ni baraka.

Mwezi wa 9 mwaka 2018 ugonjwa wa Ebola ulifika hapa kwetu Tchomia. Wote tunakumbuka. Tuliacha kupeana mikono. Hata kanisani tulisalimiana kwa kuinama, na mlangoni paliwekwa ndoo ya maji yenye dawa. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka 4. Jioni moja nilikuwa nikiomba pamoja na jamaa yangu, nikasema, "Ee Bwana, tushike mkono." Mtoto akafungua macho akasema, "Baba, kwanza anawe!" Sala ile haikuisha vizuri.

Kisha zikaja mvua nyingi za mwaka 2019 na 2020, ziwa likajaa, maji yakapanda mpaka katika nyumba za kando. Sisi pia tulihamisha vitu. Mtoto yule yule akasimama mlangoni, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu yake, akamwita mama yake: "Mama, ziwa limekuja kututembelea. Tulipe kiti?" Bibi yangu alikuwa amebeba godoro kichwani. Alicheka hata godoro likaanguka majini. Tulilianika siku tatu. Lakini nawaambia kweli, usiku ule tulilala chini kwa watu wengine tukiwa na nguvu, kwa sababu ya neno lile moja.

Siku nyingine nilimkuta anacheza kanisa na watoto wa jirani. Alikuwa amejifunga kitambaa cha mama yake, amesimama juu ya jiwe, anakohoa kama mimi ninavyokohoa kabla ya kutangaza sadaka. Akawaambia wenzake kwa sauti nzito: "Nani huyu ameleta mia tano tu? Mungu anamwona!" Nilicheka. Kisha nikajiuliza: je, ndivyo ninavyosema mbele ya maskini? Jumapili iliyofuata nilitangaza sadaka kwa sauti nyingine.

Ndugu, kila nyumba ina maneno kama haya. Kama mtoto wako anasema hovyo hovyo mbele yako, mshukuru Mungu. Ni ishara kwamba hakuogopi.

2. Neno lililotoka nje

Sasa nitawaeleza jambo ambalo si la kuchekesha. Sitataja jina la mtu wala la nyumba.

Katika kartie yetu kulikuwa na mtoto yatima wa miaka 5 aliyelelewa na baba yake mdogo. Ile ilikuwa nyumba ya watu wema, lakini wenye shida. Asubuhi moja nilipita pale kuazima jembe, nikakuta jamaa wanakula bugali ya jana na sombe kabla ya kwenda kazini. Mtoto akaitwa aje kula. Akasema: "Mimi leo sili bugali. Nimeshiba. Usiku nilikula nyama mpaka mafuta yakanitoka mkononi." Akatuonyesha kiganja chake. Wote tulicheka. Mama wa nyumba akamwambia, "Basi ukiota tena utuitie na sisi." Mtoto akafikiri, akajibu, "Nitamwitia yaya tu." Yaya ndiye kijana wa kwanza wa nyumba ile, mvuvi, na alikuwa ameketi hapo hapo. Naye alicheka kuliko sisi sote.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tumesimama kwenye kiwanja cha kanisa. Mimi napenda watu wacheke. Nikatoa habari ile kama hadithi, nikaigiza sauti ya mtoto, nikaonyesha kiganja changu. Watu walicheka sana, wakaenda nayo nyumbani, na huko nako wakasimulia.

Haikupita juma moja, yule kijana mvuvi akafa ziwani. Wenye kazi hii wanajua namna ilivyo. Pirogi ilikuwa na watu watatu na nyavu nzito, hakuna aliyevaa jile, na upepo ukawakuta usiku mbali na ukingo. Wawili walishika ubao mpaka wakaokolewa na wenzao. Yeye alionekana siku ya tatu.

Basi pale kilioni, lile neno letu la kuchekesha likarudi. Lakini halikurudi na kicheko. Watu walinong'ona: mtoto alikula nyama usiku. Alisema atamwita yaya. Alimtaja kwa jina. Nanyi mnajua, hapa kwetu mtu akisema kwamba fulani anakula nyama usiku, maana yake ni nini.

Siku ya nne baada ya maziko wazee wa ukoo walikutana, wakaita kanisa. Walitaka tuombe, na wenye karama ya maono waseme mtoto ana nini. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi karibu na ukuta, na hakuna aliyemkumbuka kwa chakula tangu asubuhi. Mama mmoja mwenye karama, ninayemheshimu sana, alisali kisha akasema, "Mimi sijaonyeshwa kitu." Lakini walikuwapo wasiotaka jibu hilo. Mzee mmoja akasema, "Hata shemasi alisikia kwa masikio yake. Shemasi, si ndiwe uliyetuambia?"

Wapendwa, nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa shemasi kunyamaza. Niliogopa. Nilifikiri: nikisema neno, watadhani namtetea mchawi. Kisha nikamtazama mtoto, naye alikuwa akinitazama mimi, maana alijua kwamba mimi ni yule baba anayecheka. Nikasimama, nikasema: "Neno hili sikulisikia usiku, nalilisikia mchana, nikalicheka, nikalisambaza mimi mwenyewe. Kama lina kosa, kosa ni langu. Sasa niacheni nimwulize lile ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza."

Nikamwuliza, "Nani alikupa ile nyama?" Akajibu, "Mama." "Mama yupi?" "Mama yangu. Alipika katika sufuria yetu ya zamani." Nikamwuliza tena, "Na kwa nini ulitaka kumwita yaya?" Akasema, "Yaya hunipa kichwa cha samaki yake. Mimi sikuwa na kitu cha kumpa."

Baba yake mdogo aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akilia. Ni mara ya kwanza alilia tangu mazishi.

3. Maneno ya mtoto hutoka wapi?

Tangu siku ile nimefikiri sana. Mimi si mtu wa elimu kubwa, nilimaliza sekondari tu, lakini nimelea watoto, na naona kwamba maneno ya mtoto mdogo hutoka katika visima vitatu.

Kisima cha kwanza ni kinywa chetu sisi. Mtoto husema aliyoyasikia. Ile sadaka ya mia tano ilikuwa sauti yangu, si yake. Mtoto akitukana, usiulize kwanza amekuwa mbaya namna gani. Uliza amelala karibu na nani akigombana.

Kisima cha pili ni akili yake mwenyewe inayojifunza kazi. Mtoto wangu alipoanza masomo ya wadogo alijua kwamba viti ni vingi na kiti ni kimoja, visu na kisu, vikombe na kikombe. Siku moja alitusikia tukiongea juu ya vita, akauliza, "Baba, kita kimoja kinafanana namna gani?" Hakuna mtu aliyemfundisha neno hilo, kwa sababu halipo. Alilitengeneza mwenyewe kwa kufuata kanuni ya lugha, kama fundi anayepima ubao. Tulicheka. Lakini usiku sikulala upesi. Sisi watu wa Ituri tumeona vita tangu mwaka 1999, na hapa Tchomia hatuwezi kusahau tarehe 31 Mei 2003. Tunavijua vita kwa wingi wake. Kita kimoja kinafanana namna gani? Labda ni neno moja la dharau ambalo baba analisema mezani juu ya kabila la jirani, na mtoto analisikia. Mtoto hakuwa anatabiri, alikuwa anajifunza kuhesabu. Lakini swali lake lilinifaa mimi.

Kisima cha tatu ni njaa na hamu ya moyo. Hapo ndipo ndoto hutoka. Soma nabii Isaya, mlango wa 29, mstari wa 8. Nabii anasema habari za mtu mwenye njaa anayeota kwamba anakula, kisha anaamka na nafsi yake ni tupu. Nabii alimwita mtu huyo mwenye njaa. Hakumwita mchawi. Miaka mingi nilisoma mstari ule, na siku ulipohitajika nilikuwa nimeusahau. Yatima anayekula sombe kila siku, akiota nyama mkononi mwa mama yake aliyekufa, anatuambia mambo mawili: ana njaa, na anamkumbuka mama yake. Mambo hayo hayahitaji mwonaji. Yanahitaji mtu wa kumpa samaki na kumpakata.

4. Je, Mungu hawezi kusema kwa kinywa cha mtoto?

Mtu ataniambia: "Shemasi, kanisa letu linaamini unabii. Je, unasema Mungu hasemi kwa watoto?" La, sisemi hivyo. Anasema. Lakini tutazame namna anavyosema.

Samweli alikuwa mtoto alipoitwa usiku (1 Samweli 3). Ujumbe aliopewa ulikuwa juu ya nani? Ulikuwa juu ya Eli, mzee na kuhani, na juu ya wana wake waovu. Eli alipousikia hakumpiga mtoto, aliukubali. Yule msichana mdogo aliyetekwa, aliyekuwa katika nyumba ya Naamani (2 Wafalme 5), alisema neno moja kwa bibi yake, na neno lile likamletea bwana wake uzima. Watoto hekaluni walimpigia Yesu kelele za sifa, wakubwa wakachukia, naye akawatetea watoto (Mathayo 21).

Tazama pia habari za Augustino, Mwafrika mwenzetu wa Tagaste, mji ulio katika nchi ya Algeria ya leo. Mwaka 386 alikuwa Milan, katika bustani, akilia kwa sababu ya dhambi zake. Akasikia kutoka nyumba ya jirani sauti ya mtoto, hakujua kama ni ya kiume au ya kike, ikirudia rudia kwamba achukue asome. Alijiuliza kama kuna mchezo wa watoto wenye maneno hayo, hakuukumbuka. Alifanya nini? Hakwenda kugonga mlango wa jirani amtafute mtoto aliyesema. Alikwenda kuchukua nyaraka za Paulo, akazisoma, akaacha maisha yake ya zamani.

Basi hiyo ndiyo alama ninayowapa ya kupambanua. Mungu akisema kwa kinywa cha mtoto, neno lile linamponya mtu, au linamgeuza yule aliyelisikia. Katika habari hizi zote sioni hata moja ambapo neno la mtoto linamfanya mtoto mwenyewe kuwa mshitakiwa. Ukisikia neno la mtoto, na jambo la kwanza unalotaka ni kumkamata mtoto, ujue kwamba hukulisikia kwa sikio la Roho. Umelisikia kwa sikio la hofu.

5. "Shemasi, wewe hukubali kwamba uchawi upo?"

Niliulizwa hivyo siku ile ile, na si vema nikimbie swali. Ninajibu hivi: leo sibishani juu ya uchawi. Hata wewe unayeamini kwamba upo, nakuuliza: ushahidi wako ni nini? Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu ili jambo lithibitike (Kumbukumbu la Torati 19:15). Ndoto haina shahidi hata mmoja. Na mtoto wa miaka 5 ukimwuliza mara kumi, kwa macho makali, mbele ya watu ishirini, "Ulimla? Ulimla?", mara ya kumi na moja atasema ndiyo, kwa sababu anataka mwache kumwuliza na mmpe maji. Huko si kuungama, ni kuchoka tu.

Tena msifikiri ni jambo la nyumba moja. Tangu miaka ya 1990, huko Kinshasa na miji mingine ya nchi yetu, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa shitaka kama hili, wakaishi barabarani. Kwa uchungu naandika kwamba wengine walishitakiwa mbele ya madhabahu, na watu wanaojiita watumishi wa Mungu. Ndiyo maana Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto, inasema kwamba anayefanya hivyo atafungwa mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Je, si aibu serikali iwahi kumlinda yatima kabla ya kanisa?

Na upepo wa ziwa? Na pirogi iliyojaa kupita kiasi? Na jile ambazo hatununui kwa sababu tunasema ni ghali? Juu ya hayo hakuna mkutano wa wazee ulioitwa. Ni rahisi kumhukumu mtoto wa miaka 5 kuliko kujihukumu sisi tuliomruhusu kijana aende hivyo.

6. Tufanye nini?

Nina mashauri manne, wala si mengi.

La kwanza: tucheke pamoja na mtoto, tusimcheke mtoto. Tofauti utaiona machoni pake.

La pili: neno la mtoto likisemwa nyumbani, libaki nyumbani. Kama ni la kufurahisha tu, utamsimulia yeye mwenyewe akiwa mkubwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilimwaga maji yasiyokuwa yangu, kwenye kiwanja cha kanisa, ili watu waniite mchangamfu. Najua nimekwisha kuwatolea ninyi maneno ya mtoto wangu katika kurasa hizi. Yeye sasa ni mkubwa kidogo, nilimwuliza, akakubali, isipokuwa moja alilonikataza, nami nimeliacha.

La tatu: mtoto akisema neno la ajabu, umwulize yeye kwanza, kwa upole, mkiwa wawili, kabla hujawauliza wengine maana yake. Mara nyingi yeye mwenyewe ana maana, na ni rahisi kuliko ya kwako.

La nne: ndugu wa maono na mama wa maombi, jifunzeni kusema kama alivyosema yule mama: "Sijaonyeshwa kitu." Ninaamini siku ile lile ndilo lililokuwa neno la unabii.

Mtaniuliza mtoto yule yuko wapi. Alikaa kwetu miezi miwili, kisha baba yake mdogo akaja mwenyewe kumchukua, akiwa na samaki mkononi. Anaishi naye vizuri. Si watu wote waliomwamini. Yuko shangazi mmoja ambaye mpaka leo hataki mtoto alale nyumba moja na watoto wake. Na mtoto mwenyewe amebadilika. Zamani alisema kila kitu alichofikiri. Sasa akitaka kusema neno, hutazama kwanza nyuso zetu, mmoja mmoja, kisha mara nyingi hunyamaza. Nimemwomba msamaha. Aliniambia, "Si kitu, baba." Lakini asubuhi nikipita pale nikamwuliza kama aliota nini, hunijibu kwamba hakuota.

Ndugu zangu, nyumba ambayo mtoto anaogopa kusimulia ndoto yake ni nyumba iliyopoteza kitu, na kukirudisha si kazi ya siku moja. Wewe ambaye mtoto wako asubuhi hii amesema upuuzi mtupu, mkumbatie. Bwana atupe masikio.

Amina.

Ndugu yenu katika utumishi,
Shemasi, Tchomia